Mama Mkwe Katika Kundi la Tatu

Majina ya waliochaguliwa kuingia chuo cha uuguzi yalipobandikwa, mpishi wa jiko la hospitali ndiye aliyekuja mbio wodini kumpa habari Mama Shuka.

"Umo!" alisema huku anahema. "Na mwingine wa kwenu naye yumo. Yule mke wa mwanao."

Mama Shuka alikaa kwenye ukingo wa kitanda alichokuwa akikitandika, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa mhudumu katika wodi ile ya upasuaji tangu mwanawe wa pekee akiwa mgongoni, na sasa mwanawe huyo alikuwa fundi wa mafriji mwenye ndevu. Kazi yake ilikuwa kubadilisha mashuka, kumwaga mabeseni, kusukuma vitanda vya magurudumu na kuwalisha wasioweza kujilisha. Jina lilitokana na utandikaji wake. Mgonjwa angeweza kujigaragaza usiku kucha, asubuhi shuka likakutwa halina hata kunyanzi.

Mwaka ule hospitali ilikuwa imewafungulia mlango wahudumu wa siku nyingi waliomaliza sekondari, waombe chuo pamoja na vijana waliotoka shuleni. Mama Shuka aliomba kwa mzaha. Mkwe wake, msichana mpole aliyeolewa katika nyumba ile muda si mrefu, aliomba kwa dhati. Walijaza maombi yao kwenye meza ileile ya kulia, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma kimoyomoyo kwamba hatapata.

"Kwa hiyo mimi nitakula wapi?" aliuliza fundi jioni ile.

"Sufuria unazijua zilipo," walimjibu kwa pamoja.

Kwa kuwa mkwe alitumia jina la ukoo la mumewe, majina yao yalifuatana kwenye orodha ya chuo, na makundi yalipogawanywa wote wawili waliangukia Kundi la Tatu. Walipewa chumba kidogo chenye meza ya duara, ubao mweupe na feni iliyozunguka pale ilipojisikia.

Mama Shuka alikuja na kalamu za rangi tatu akitegemea kuandika anachosomewa, kama alivyozoea zamani shuleni. Mwalimu akaingia, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya chini, akamgawia kila mtu karatasi moja yenye kisa cha mgonjwa, kisha akavuta kiti akakaa pembeni.

Walisoma kisa. Wakamaliza. Wakamtazama.

"Tufanye nini, mwalimu?" aliuliza kijana mmoja aliyeitwa Goli, kwa sababu alicheza mpira na hakuwaacha watu wasahau.

"Mnajua nini kuhusu mgonjwa huyu?" alisema mwalimu. "Nini hamkijui? Na mtakitafuta wapi?"

"Si utatuambia wewe?"

"Mimi nipo hapahapa."

Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kisa kilitolewa, kundi likajadili, maswali yakaandikwa ubaoni, kila mtu akaondoka na swali lake kwenda kulisoma mwenyewe, kisha wakarudi kufundishana. Mwalimu hakutoa majibu. Mtu akisema jambo lolote, hata lililo sahihi, aliinamisha kichwa kidogo na kuuliza, "Kwa nini?" Haikuchukua muda jina lake likawa hilohilo, Kwa Nini. Makundi mengine yalilalamika kwamba mwalimu analipwa kwa kukaa kimya.

Kundi la Tatu halikulalamika, maana lilikuwa na Mama Shuka. Kila mgonjwa aliyeletwa kwenye karatasi, yeye alishamwona kitandani. Kisa kabla hakijasomwa mpaka mwisho, alikuwa ameshavua miwani yake na kutoa jibu. Mgonjwa wa kidonda kinachonuka alimjua. Mwenye homa baada ya kujifungua alimjua pia. Vijana walifurahi kupindukia. Makundi mengine yakienda maktaba, wao walikwenda kunywa chai.

"Sisi maktaba yetu inatembea," alijigamba Goli.

Mkwe ndiye aliyekuwa katibu wa kundi. Alisimama ubaoni akaandika alichosema mama mkwe wake, kwa mwandiko mzuri wa mviringo. Mama Shuka alimtazama akiandika maneno yake na moyo ukamjaa. Katika wodi ile alikoshinda miaka yote, hakuna aliyewahi kuandika neno lake popote.

Kikaja kisa cha mzee aliyevunjika nyonga. Amefanyiwa upasuaji salama, siku ya kwanza anaongea vizuri na kuwatania wauguzi. Siku ya pili jioni anaanza kuvuta dripu, anataka kushuka kitandani, anamwita muuguzi kwa jina la marehemu mkewe.

"Uzee huo," alisema Mama Shuka. "Nimewaona wengi. Hapo unamfunga mikono kwa shuka, taratibu usimuumize, mpaka atulie."

Mkwe aliandika "uzee", kisha kalamu ikasimama ubaoni.

"Katibu," alisema Kwa Nini, "mbona mkono umegoma?"

"Umechoka tu, mwalimu."

Hakumbana. Akamgeukia Mama Shuka. "Kwa nini uzee wake haukuonekana siku ya kwanza?"

Vijana wakacheka. Mama Shuka naye akacheka. "Mwalimu, uzee haupigi hodi."

Alasiri ile, wakati wengine wanakunywa chai, mkwe alikwenda maktaba peke yake na kukaa mpaka mtunza vitabu alipoanza kufunga madirisha. Alirudi nyumbani akasaidiana na mama mkwe wake kukata mboga. Walizungumza juu ya bei ya nyanya na juu ya feni ya darasani. Habari ya mzee hakuigusa. Alimfuata mumewe uani, akamkuta amejikunja nyuma ya friji la jirani.

"Mama amekosea," alimnong'oneza. "Lile la mzee. Nimelisoma katika vitabu vitatu, vyote vinasema vingine."

"Mwambie."

"Wewe unaweza kumwambia?"

Fundi alitazama bisibisi yake kwa makini sana. "Mimi nimesomea mafriji," alisema.

Kundi lilipokutana tena, mkwe alisimama ubaoni na hakugeuka kumtazama mtu. Alisema mtu akichanganyikiwa ghafla namna ile, hiyo ni ishara kama homa ilivyo ishara, na chanzo chake lazima kitafutwe. Huenda hewa haimtoshi mwilini. Huenda kibofu kimejaa, au kuna maambukizi, au sukari imeshuka, au dawa ya maumivu ni kali kwa umri wake. Huenda hajanywa maji. Na kumfunga kunamzidishia hofu, maana anapigana na asichokielewa.

"Uzee hauingii kwa jioni moja," alimaliza.

Goli aliinua kichwa. "Kwa hiyo Mama alikosea?"

Mama Shuka aliuvuta mkoba wake akaupakata.

"Endelea, Katibu," alisema. "Si umesoma?"

Nyumbani aliosha vyombo mwenyewe, na jirani wa pili angeweza kuhesabu sahani kwa masikio. Mkwe alisimama mlangoni mwa jiko.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Umenivua nguo mbele ya watoto, basi, yameisha."

"Kitabu ndicho kilichosema."

"Kitabu kimewahi kukesha na mgonjwa? Kimewahi kutapikiwa?"

Mkwe hakuwa analia, ingawa macho yalikuwa mekundu. "Siku ile ya kwanza nilinyamaza, mama. Nikashindwa kulala. Nikawaza, siku moja tutakuwa zamu moja mimi na wewe, mgonjwa yuko mbele yetu, na nitanyamaza tena kwa sababu ni wewe."

Mama Shuka alifunga bomba, akajifuta mikono na kwenda chumbani kwake.

Kesho yake alibisha hodi ofisini kwa Kwa Nini akamwomba amhamishe kundi.

"Kwa nini?"

Nusura acheke, hasira zikamzuia. "Yule katibu ni mke wa mwanangu."

"Hilo nalijua. Nauliza kwa nini unataka kuhama."

"Mwalimu, mimi kwa wagonjwa wa wodi yangu sijawahi kukosea."

Kwa Nini alimtazama kwa upole, bila dalili ya kejeli. "Umejuaje?"

Mama Shuka alikaa pale, mkoba mapajani, akipekua miaka yake. Kila siku wodini alikuwa na maoni: huyu amezidiwa, huyu anadeka, yule ni uzee tu. Aliyawaza akitandika, akayawaza akimwaga mabeseni. Hakuna muuguzi wala daktari aliyewahi kumuuliza unaonaje, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumwambia hapana, sivyo. Wagonjwa walihama, waliruhusiwa, walikufa, na yeye hakuelezwa chanzo. Alikusanya majibu miaka yote hiyo na hakuna hata moja lililowahi kusahihishwa.

"Nipe wiki," alisema hatimaye. "Usinihamishe kwanza."

Akaenda maktaba. Hakuwahi kuingia tangu chuo kianze, na mtunza vitabu alidhani amekuja kufuta vumbi. Alipewa kimoja cha vile vitabu alivyovisoma mkwe wake. Maandishi yalikuwa madogo na maneno mengine yalimkatalia kabisa. Mchana mzima ukaisha yuko ukurasa mmoja. Siku iliyofuata alirudi. Alipofika penye mchoro wa hewa inavyosafiri kwenye damu, akakwama, akapiga moyo konde na kumfuata Goli uwanjani.

"Nielezee hii," alimwambia.

Goli aliutazama mchoro, kisha akamtazama yeye. "Mama, wewe unaniuliza mimi?"

"Kwani uwanjani pana mwingine?"

Goli mwenyewe hakuujua. Waliketi kwenye nyasi wakausoma pamoja, mstari kwa mstari, wakabishana juu ya mshale mmoja mpaka wachezaji wenzake wakamwita mara kadhaa na kukata tamaa. Mama Shuka alikuja kusema kwamba siku ile ndipo alipojifunza kitu chuoni kwa mara ya kwanza, na kwamba kilimuuma kichwa.

Muda wa mazoezi wodini ulipofika, Kundi la Tatu lilipelekwa wodi ya upasuaji, wodi yake mwenyewe. Aliingia amevaa sare ya wanafunzi, akajiona mgeni mahali alipojua hata kitasa kinacholegea.

Kitandani karibu na dirisha alilala dereva mstaafu wa treni, naye amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Alikuwa akipiga kelele kwamba treni imeondoka bila dereva na watu wote watakufa. Alikuwa ameshang'oa plasta ya dripu. Sista wa zamu, mwenye wagonjwa wengi kuliko mikono, alimwona Mama Shuka akashusha pumzi.

"Afadhali umekuja. Chukua shuka umfunge yule kabla hajaanguka."

Mama Shuka alikwenda kabatini akachukua shuka. Mikono ilijua kazi. Tayari ilikuwa inalikunja liwe refu na jembamba. Alifika kitandani, mzee akamtolea macho ya woga, macho ya mtu aliyepotea. Akasimama. Alikuwa ameyaona macho yale mara nyingi akayaita ukaidi.

"Katibu!" aliita.

Mkwe wake, aliyekuwa akipima joto upande wa pili, aligeuka. Tangu siku ya vyombo walikuwa wakisemeshana kwa adabu tu, habari za maji na chumvi.

"Njoo tumtazame huyu kabla sijamfunga. Tunajua nini?"

Mkwe alikuja upesi. "Jana alikuwa mzima. Jirani yake wa kitanda anasema alikuwa akihadithia safari zake."

"Hatujui nini?"

"Hewa. Mkojo. Sukari. Dawa alizopewa."

"Haya, wewe pima, mimi namshikilia kwa maneno."

Mama Shuka alihamia upande ambao mzee angemwona bila kugeuza shingo, akainama uso ukawa sawa na wake. "Dereva, treni imesimama kituoni," alisema polepole. "Hakuna aliyepanda bado. Niambie unaumwa wapi." Mzee alimng'ang'ania mkono. Kelele zilipungua, ingawa hazikuisha. Mkwe alikuta hewa iko chini kidogo ya inavyotakiwa. Sukari ilikuwa sawa. Alipogusa tumbo chini ya kitovu lilikuwa gumu kama mpira, na mzee akaguna kwa maumivu. Hakuna aliyekumbuka lini mara ya mwisho alikojoa. Jagi la maji lilikuwa limejaa pomoni, mbali na mkono wake. Miwani yake, yenye vioo vinene kama chini ya chupa, ilikuwa imefungiwa kabatini pamoja na viatu.

Walikwenda kumwambia sista. Sista alikunja uso. "Niliomba shuka, nimeletewa mkutano," alisema. Lakini alikuja, akagusa tumbo mwenyewe, uso ukabadilika. Akaweka mpira wa mkojo, mfuko ukajaa wakiuona. Daktari aliitwa, akamwongezea hewa na kumpunguzia dawa ya maumivu. Mkwe alimvisha miwani. Mama Shuka alimnywesha maji kidogo kidogo kwa kijiko, kisha akalikunjua lile shuka akamfunika nalo.

Asubuhi iliyofuata dereva alikuwa anauliza kama kuna mtu wa kumletea gazeti.

Darasani walibishana vikali. Goli alishikilia kuwa ni kibofu. Mkwe alisema ni dawa. Mama Shuka alisema mtu asiyeona vizuri ukimweka mahali pageni, umeshampoteza nusu. Yeye alikuwa upande wa miwani.

"Mnajuaje?" aliuliza Kwa Nini.

Hawakujua. Yote yalirekebishwa pamoja, na hakuna aliyeweza kusema lipi ndilo lililomrudisha mzee. Mwalimu hakuwasaidia. Kipindi kiliisha hivyohivyo, na Mama Shuka akatoka na swali lile likimkereketa, akashangaa kwamba hakukasirika.

Njiani kurudi nyumbani walitembea wawili, mkwe nyuma kidogo kama kawaida yake.

"Sogea tutembee sawa," alisema Mama Shuka. "Nataka tukubaliane. Chuoni na wodini, nibishie. Ukiona nimekosea sema palepale, hata kama mfalme yupo."

"Na nyumbani, mama?"

"Nyumbani usiniguse kwenye habari ya chumvi."

Mkwe alicheka kwa sauti kubwa kuliko aliyowahi kucheka mbele yake, akajiziba mdomo kwa haya. Fundi alipowaona wanaingia uani wameegemeana kwa vicheko, aliuliza nani amekufa na kumwachia nani nyumba.

Mambo hayakunyooka yote. Mama Shuka alisoma polepole mpaka mwisho, na hesabu za dawa zilimtoa jasho. Mkwe alimfundisha, Goli alimfundisha, hata fundi alijaribu kwa mifano ya gesi ya mafriji na kuzidisha giza. Mtihani wa mwisho alifaulu yote isipokuwa hesabu hizo, akalazimika kuzirudia. Kundi la Tatu lilihitimu bila yeye. Siku ya sherehe alikaa na wazazi wa wahitimu, akapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, kisha akaenda chooni akalia, akanawa, akarudi kupigwa picha.

Kwa miezi kadhaa mkwe alikuwa muuguzi kamili na yeye bado mwanafunzi, na ratiba ikawapanga wodi moja. Mkwe alipata shida ya kumwamuru. Alisema, "Mama, kama hutojali, ukipata nafasi, labda…" Mama Shuka alimkatiza mbele ya watu wote. "Sista, mgonjwa anasubiri. Niambie nifanye nini." Akaambiwa, akafanya. Kisha akarudi kuuliza kwa nini, na mara nyingine jibu likawa ni "ngoja nikaangalie."

Aliporudia mtihani alifaulu. Leo anavaa sare yake mwenyewe katika wodi ya wanaume, na mkwe yuko ya watoto, ng'ambo ya ua. Njia ile ya kusoma bado hajaisifu. Anasema ilimchosha kuliko kazi zote alizofanya, na kwamba Kwa Nini angeweza angalau siku moja kuwaambia jibu wakapumzika. Ila wahudumu wa wodini kwake wamezoea jambo moja ambalo mwanzoni liliwashtua. Kabla hajapokea zamu kwa mtu yeyote huwapitia wao kwanza na kuwauliza wameona nini, na wakimjibu huwauliza wamejuaje.

Mara nyingi zamu yake na ya mkwe wake zinapishana, mmoja anatoka na mwenzake anaingia. Hukutana getini na kusimama kidogo: mtoto fulani homa haishuki, mzee fulani kaanza kula. Kidogo hicho hurefuka. Huyu anasema ni hivi, yule anasema sidhani, mama, wanatoa mikono mifukoni na kuanza kuonyeshana hewani, na mlinzi hulazimika kuwaomba wasogee kando gari la wagonjwa lipite.